Soksi ya Dobby na nauli ya Dada

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku, nikawasomea wanangu kwa taa ya sola. Tumefika mwisho wa kitabu cha pili cha Harry Potter. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza. Nasoma kimoyomoyo, kisha nawasimulia kwa Kiswahili. Tangu mwanzo nimehangaika na Dobby, kiumbe mdogo wa kichawi anayetumikishwa kwenye nyumba ya wachawi: nimwiteje? Jini hapana, jini ana makuu yake. Zimwi hapana, Dobby hali watu. Mdogo akauliza, "Mama, ni msukule?" Hapa Tabora mtoto wa miaka saba anajua msukule ni nani, yule anayesemwa kachukuliwa akalime shamba la mwenzake usiku. Nikamwambia msukule hana akili zake tena, ila Dobby anazo zote, na hapo ndipo mateso yake yalipo. Tukakubaliana tumwite kibwengo.

Kibwengo huyu anavaa foronya kuukuu. Akiwasema vibaya mabwana zake, familia ya Malfoy, anajiadhibu mwenyewe: anajigonga kichwa, anajichoma mikono kwa pasi. Ana uchawi wa kumrusha mtu mzima ngazini, lakini hawezi kuondoka mpaka bwana wake ampe nguo. Harry anavua soksi yake chafu, anatia daftari ndani yake, anampa Lucius Malfoy. Yule kwa hasira anaichomoa soksi kwenye daftari na kuitupa. Dobby anaidaka. Basi, yuko huru.

Binti yangu mkubwa hakufurahi kama nilivyotegemea. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, kwa nini hakutoroka tu siku zote hizo? Si ana uchawi?"

Nilimjibu kwamba ndivyo sheria yao ilivyo. Wakalala. Mimi usingizi haukuja, maana swali lile sikuwahi kuliuliza juu ya Dada, msichana wetu wa kazi.

Dada alikuja kwetu Isevya mwaka 1994, mimi nikiwa na miaka minne. Alitoka kijiji kimoja cha Kasulu, akapanda treni Kigoma pamoja na shangazi yake aliyemtafutia kazi. Alikuwa na miaka kumi na tatu hivi. Alinibeba mgongoni nilipougua malaria, alinifundisha kusuka ukili, alikula baada yetu sote. Mshahara wake ulikuwa ukichukuliwa na huyo shangazi kila mwisho wa mwezi, pale pale sebuleni, Dada akiwa jikoni. Wageni walimsifu: binti mwaminifu huyu, miaka yote hii hajahama nyumba. Na mimi nimeisema sifa hiyo ukubwani, tena kwa fahari. Angehama vipi? Nauli angeitoa wapi? Treni ya Kigoma haipandwi kwa uaminifu.

Nadhani ndiyo maana Dobby ananigusa zaidi baada ya ile soksi kuliko kabla yake. Katika kitabu cha nne anakwenda kuomba kazi Hogwarts, shule ya uchawi anayosoma Harry, na anataka alipwe. Dumbledore, mkuu wa shule, anamwahidi galleon kumi, sarafu za dhahabu za wachawi, kwa wiki na mapumziko kila mwisho wa wiki. Dobby mwenyewe anapunguza mpaka galleon moja kwa wiki na siku moja ya mapumziko kwa mwezi. Hapo huwa naumia. Mtu aliyezoea kutopewa anaona hata haki yake ni nyingi mno. Halafu hela hiyo ndogo anaifanyia nini? Ananunua sufu, anamfumia Harry soksi za Krismasi, kila mguu rangi yake. Katika kitabu cha saba anarudi kwenye nyumba ile ile ya Malfoy kuwaokoa Harry na wenzake, na kisu cha mchawi mwovu Bellatrix kinampata, anakufa. Hakuna aliyemlazimisha kwenda. Harry anamchimbia kaburi kwa sepetu, bila uchawi, na rafiki yake Ron anavua viatu na soksi zake anamvisha Dobby.

Nikisoma hapo huwakumbuka Susi na Chuma. Hao walikuwa wafanyakazi wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, na walikuwa wameshafiwa na mwajiri wao tangu Mei 1873. Wakauzika moyo wake kule Chitambo, Zambia ya leo, wakaubeba mwili kwa miguu, na walipofika hapa kwetu Kwihara, Mwingereza Cameron akawashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo. Chuma aliwahi kuwa mateka wa wafanyabiashara ya watumwa, akaokolewa mwaka 1861. Yeye na wenzake wangeweza kuutua mzigo ule mahali popote.

Dada naye alirudi. Aliondoka kwetu mwaka 2001 kwenda kuolewa, na mwaka 2011 mama alipolazwa, tulimwona tu mlangoni asubuhi na ndoo ya mawese na dagaa waliofungwa kwenye kitenge. Alikaa wiki mbili, akimwogesha mama, akimlisha uji kwa kijiko. Kaka alipompa hela ya kurudia, aliikataa. Akasema, "Safari hii nimekuja mwenyewe."

Leo mchana nimempigia simu. Tumesalimiana, tumeulizana watoto na mahindi, halafu nikamuuliza anakumbuka nini cha siku ile alipoondoka kwetu. Nilitegemea ataniambia nilivyolia.

"Mama yako alinipa nauli mkononi," akasema. "Mkononi mwangu mimi, mwanangu, shangazi hayupo. Ndiyo ilikuwa hela yangu ya kwanza kuishika tangu nije kwenu. Nilikaa nayo stesheni nimeifumbata mpaka treni ikaingia, na nilipofika dirishani kukata tiketi noti zilikuwa zimelowa jasho."

Jioni nimemsimulia binti yangu. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha ameomba namba ya Dada.