Besi Iliyogombana na Kinanda

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa mpiga besi katika kikundi kidogo cha taarabu kilichokuwa kikikodiwa kwenye harusi za Ngamiani na Chumbageni, mjini Tanga. Gitaa la besi halikuwa langu; lilikuwa mali ya kikundi, lilinunuliwa likiwa limekwisha tumika, na lilikuwa na ugonjwa ambao kila mmoja wetu aliueleza kwa namna yake. Nikipiga karibu na kichwa cha gitaa, sauti ilikubaliana na kinanda. Nikifika kwenye freti ya 12, yaani kile chuma kinachougawa uzi katikati, na kuipita, kila sauti ilikuwa juu kidogo kuliko ilivyopaswa, na mwimbaji wetu, mama mtu mzima mwenye sikio kali, alikuwa akigeuka nyuma na kunikata jicho katikati ya ubeti.

Katika mji mwingine huenda jambo hilo lingepita. Tanga, hata hivyo, ni mji wa bendi za dansi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ndio mji ambao Black Star na Lucky Star walitoa nafasi kubwa kwa gitaa na besi ndani ya taarabu, hivyo hata wasikilizaji wasiojua kushika ala yoyote wamezoea kuisikiliza besi. Kinanda cha umeme nacho hakibembelezeki, kwa kuwa sauti yake ya A imewekwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde na nyingine zote zimepangwa kwa kuifuata hiyo. Anayepaswa kusogea ni mwenye gitaa.

Kiongozi wetu aliamini kwamba tatizo lingekwisha tukinunua amplifaya kubwa zaidi. Mpiga gitaa la solo alishikilia kwamba pikapu, yaani zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zilikuwa mbovu. Kabla mchango haujaanza kupitishwa, mjomba wangu alinielekeza kwa mzee mmoja wa Makorora ambaye ujanani alipiga gitaa la ridhim kwenye dansi, na uzeeni akawa anatengeneza redio na magitaa barazani kwake. Nilikwenda kwake asubuhi ya siku ya harusi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mwanangu. Keti hapo, upige kwanza bila umeme. Na upige kama utakavyopiga usiku, si kama unavyompigia babu.”

Sikuelewa kwa nini alilisisitiza hilo hadi baadaye, alipopima urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti. Mtu mwenye mkono mzito anahitaji nyuzi zilizoinuka kidogo, la sivyo zitagonga vyuma na kukwaruza. Mwenye mkono mwepesi anaweza kuzishusha sana na bado akapata sauti safi. Kwa hiyo hakuna kipimo cha gitaa kisichokuwa pia kipimo cha mpigaji.

Alipomaliza kusikiliza, alilichomeka gitaa kwenye amplifaya yake ndogo. Ukasikika mngurumo ule tuliouzoea. Akaniambia niguse nyuzi, mngurumo haukubadilika. Akaniambia niguse chuma cha tundu la waya; mngurumo ukanyamaza. Akacheka, akazima umeme, akafungua kifuniko cha nyuma na kunionyesha waya mwembamba mweusi uliotakiwa kutoka kwenye daraja la nyuzi hadi kwenye mgongo wa kitufe cha sauti. Ncha yake moja ilikuwa imeachia na kubaki ikielea, yenye kutu ya kijani. Aliikwangua kwa wembe hadi shaba ikang'aa, akaipaka risasi, akaibana mahali pake kwa pasi ya kuchomea hadi risasi ikatandaa. Kazi hiyo haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na hapo ndipo pikapu zilizotuhumiwa zilipoachiwa huru.

Nyuzi zilikuwa habari nyingine. Seti mpya ya nyuzi za besi ilikuwa ghali kwetu na haikupatikana kirahisi, kwa hiyo mzee alizivua zote nne, akazikunja taratibu na kuzitia kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni kwa bibi, ambaye hakufurahi hata kidogo. Maji yalipata rangi ya chai. Katika uzi wa besi, waya mmoja huzungushiwa juu ya mwingine, na katikati ya mizunguko hiyo hujaa jasho, mafuta ya vidole na vumbi. Uchafu huo huuzima uzi, na usipokaa sawasawa urefu wote, uzi hautetemeki kwa mpangilio, na hapo hata fundi bingwa hawezi kuulinganisha sauti. Baada ya kuchemshwa alizifuta na kuzianika juani hadi zikakauka kabisa, maana hewa ya bahari ya Tanga haina huruma na chuma chenye unyevu. Nimezichemsha nyuzi mara nyingi tangu hapo, na maoni yangu ni kwamba sauti kali hurudi kweli lakini haikai; ni njia ya kuvuka harusi, si ya kuvuka mwaka.

Nyuzi ziliporudishwa na kutyuniwa, alianza kuishughulikia shingo. Alibana uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza kwa kidole kimoja na kwenye freti ya mwisho kwa kingine, uzi ukawa umenyooka kama rula, kisha akaniambia nipitishe vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa kati ya uzi na freti ya 8. Vocha ilipita, na juu yake zingeweza kupita nyingine kadhaa. Shingo ilikuwa imepinda mbele. Nyuzi nne za besi kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 60, usiku na mchana, na kinachopingana nazo ni ufito wa chuma uliolala ndani ya mbao. Alilegeza nyuzi, akakaza nati ya ufito huo robo mzunguko kwa spana ya alenki, akatyuni upya, akapima. Akasubiri. Akarudia robo nyingine. Nilipomwambia akaze mara moja tuondoke, alinitazama tu. Aliacha ilipobaki nafasi ya vocha moja, takriban theluthi moja ya milimita, kwa sababu uzi unapotetemeka hutanuka zaidi katikati na unahitaji mahali pa kupumulia.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kugusa lile lililonileta. Kila uzi wa besi una kijidaraja chake chenye skrubu, kinachoweza kusogezwa mbele au nyuma. Alinigusisha uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, ukalia ile sauti nyembamba kama filimbi. Kisha nikaubana hapohapo na kuupiga. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Yetu ya kubana ilikuwa juu, kwa hiyo alikirudisha kijidaraja nyuma ili uzi urefuke, tukatyuni, tukasikiliza tena. Kumbe sehemu kubwa ya kosa ilikuwa imekwisha kuondoka na shingo, kwa kuwa uzi ulioinuka sana hubanwa mbali zaidi, na kubanwa huko huuvuta na kuupandisha sauti. Angeanza na vijidaraja, angelazimika kuvipanga upya.

Pikapu alizigusa mwisho, tena kwa kuzishusha. Upande wa uzi wa E zilikuwa zimekaribia mno, na sumaku ilikuwa ikiushika uzi na kuifanya sauti iyumbe. Aliacha milimita tatu hivi uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho. Sauti ilipungua ukubwa lakini ikakaa muda mrefu zaidi, na kwa mara ya kwanza niliusikia uzi wa E wenyewe, badala ya mshindo wake.

Usiku ule harusi ilikuwa Barabara ya 12. Katika wimbo wa pili nilipanda juu kwa makusudi, mahali ambapo kinanda na besi hupita pamoja, na mwimbaji hakugeuka. Kiongozi alikuja baada ya kipindi cha kwanza kuniuliza nimeazima amplifaya ya nani. Mpiga solo hakusema neno, ila kesho yake alitangulia Makorora na gitaa lake, akarudi mifereji ya nyuzi kwenye ule mfupa wa juu, karibu na kichwa cha gitaa, imepakwa unga wa penseli ili nyuzi zisikwame akizivuta. Vipimo vya mzee niliviandika ndani ya kifuniko cha sanduku la besi. Bado ninavitumia, isipokuwa kile cha urefu wa uzi wa E, ambao nimeuinua kidogo, kwa kuwa mkono wangu umezidi kuwa mzito.