Wabeba maboksi tunaotaka kupiga gitaa, anzeni na rifi
Wakuu habari za mapambano. Mimi niko Birmingham hapa Uingereza, nabeba maboksi ghalani, na mwenye shifti kama yangu akirudi saa nane usiku hana wa kupiga naye stori, kila mtu kalala. Muda huo ndo wangu wa gitaa. Na nasema wazi kabisa, kwa mtu mzima mwenye ratiba ya hivi usianze na skeli (ngazi za noti za mazoezi) wala nadharia ndefu, anza na rifi za rock za zamani. Rifi ni kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ukikisikia tu unaujua wimbo hata kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Noti chache, na unapata muziki wa kweli mapema, sio mazoezi matupu.

Chukua Smoke on the Water ya bendi ya Deep Purple, ya mwaka 1972. Nyuzi mbili tu za katikati, ya nne na ya tatu, zote unazipiga kwa pamoja: wazi (bila kubana), freti (kile kichuma cha kwenye shingo ya gitaa) ya 3, ya 5, halafu wazi, 3, 6, 5, halafu wazi, 3, 5, kisha 3, unamalizia wazi. Mkono wa kushoto unaelewa ndani ya muda mfupi sana. Kazi iko mkono wa kulia na hapa ndo wengi wanapita mbio. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wao, pale hatumii piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi), anazivuta nyuzi mbili kwa vidole ili zilie kwa mpigo mmoja, maana ukipitisha piki uzi mmoja unatangulia kidogo na ule uzito unapungua. Halafu kuna ukimya kati ya noti, lazima uuzime mlio kwa wakati wake, usiuache uburuzike mpaka uingie kwenye noti inayofuata. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) mapigo 60 kwa dakika, piga taratibu mpaka ukimya nao ukae sawa ndo uongeze. Na distoshen (ule mkwaruzo wa sauti ya rock) iache kwanza, ukiiwasha mapema kila uchafu unakuzwa, hata uzi ambao hujaugusa unanguruma na hujui unatokea wapi.

Kwa sisi wa kazi za mikono kuna mtu namheshimu mno, Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, mtoto wa hapa hapa Birmingham. Alikuwa na miaka 17, kibarua kiwanda cha mabati, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hutumia shoto, kwa hiyo ndo vidole vyenyewe vya kubania nyuzi. Msimamizi wake akamsikilizisha santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazz, yule aliyepiga solo kwa vidole viwili baada ya mkono kuungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, juu akavika ngozi, akafunga nyuzi nyembamba, na baadaye akawa anazilegeza zisimuumize, mlio ukashuka chini ukawa mzito, na uzito huo bendi nyingi za hevi metali zimeufuata mpaka leo. Pale Broad Street kuna daraja lina jina la Black Sabbath na benchi lenye sura za wale wanne wa bendi, nikipita huwa nasimama.

Kuhusu vyumba vyetu vya kupanga, kuta nyembamba, tafuta kile kiampu (kikuza sauti) kidogo kinachochomekwa kwenye gitaa lenyewe na unavaa hedifoni, jirani hasikii kitu. Kipindi cha baridi loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kwanza ukaushe vizuri, vidole vilivyokakamaa vinachelewa na utadhani umesahau.

Sasa hivi nahangaika na Iron Man ya Black Sabbath, ya 1970, ile sehemu ya katikati mkono unapoteleza kwenda na kurudi kwa haraka freti moja tu. Taratibu naiweza, ila mwendo wake halisi bado. Kama kuna mtu yuko upande huu na anapiga gitaa la besi aseme, tutafute chumba cha mazoezi Jumapili moja, maana hii rifi gitaa na besi zinatakiwa ziende pamoja noti kwa noti.