Siku moja maishani mwangu: kati ya mpunga mama na mpunga baba

Saa moja asubuhi. Boda inanishusha kwenye mashamba ya utafiti hapa Wakiso, Uganda, umande ukiwa bado majanini. Hapa tunazalisha mbegu chotara za mpunga: mpunga mama ni tasa, hautoi chavua hai, basi unachavushwa na mpunga baba uliopandwa safu ya pembeni. Nachuma vijiua vya juu ya masuke ya mpunga mama, vile vitakavyochanua leo, kabla jua halijavifungua.

Saa mbili. Hadubini. Napasua vifuko vya chavua ndani ya tone la iodini. Chavua nzima ina wanga, kwa hiyo inakuwa nyeusi tii. Ya mpunga mama inatakiwa ibaki na manjano hafifu, imejikunja, haina kitu. Mmea wa safu ya mama ukionyesha chavua nyeusi tunaung'oa leo leo, maana utajichavusha na kuharibu mbegu chotara.

Utasa huu asili yake ni mpunga mwitu uliopatikana kisiwani Hainan, China, mwaka 1970, na Li Bihu, msaidizi wa Yuan Longping, mwanasayansi aliyeanzisha mpunga chotara nchini humo. Jeni inayousababisha, WA352, ilielezwa mwaka 2013. Haiko kwenye kromosomu za kiini. Iko ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Protini yake hushikana na protini nyingine iitwayo COX11, na seli zinazolisha chavua changa hufa kabla ya wakati wake. Mitokondria mtoto huzirithi kwa mama peke yake, basi watoto wote wanazaliwa na utasa huo, isipokuwa baba awaletee jeni za kurejesha uzazi: Rf3 ya kromosomu ya 1, au Rf4 ya kromosomu ya 10. Nimesoma haya mara nyingi na bado yananistaajabisha.

Saa nne. Maua yanafunguka, na hapa hakuna kupumzika. Watu wawili wanashika kamba na kuivuta juu ya safu za baba, chavua inaruka kama vumbi la unga. Uhai wake ni wa dakika chache tu. Suke la mama nalo hupenda kukwama ndani ya jani la juu, ndiyo maana tulikwisha kulinyunyizia homoni ya jibereli ili lichomoze.

Saa saba, posho na maharage.

Saa nane simu inaita. Ni mzee wa Butaleja, mashariki mwa Uganda, tuliyempa mbegu chotara ajaribu. "Binti yangu, mavuno ni mazuri. Nimeweka debe mbili za kupanda msimu ujao."

"Mzee, hizo kuleni. Msipande."

Namweleza taratibu. Mpunga wake wote una mitokondria za yule mama tasa. Ulizaa kwa sababu ya jeni za baba. Akizipanda tena, jeni hizo zitagawanyika: mimea mingine itazikosa kabisa, masuke yatasimama matupu, na iliyobaki itapishana kwa urefu na kwa kukomaa. NERICA 4, aina ya mpunga isiyo chotara, anaweza kujiwekea mbegu akiitunza isichanganyike, chotara hawezi. Anayempa mkulima mbegu hii anawajibika kumwambia hivyo siku ile ile anayompa, si baada ya kuvuna. Mzee ananyamaza, kisha anauliza kilo moja itamgharimu kiasi gani. Swali la haki.

Saa kumi. Nafunika kwa mifuko ya karatasi masuke ya mama niliyoyachavusha kwa mpunga wa wakulima wa hapa. Watoto wao wakitoa chavua nyeusi, tutakuwa tumepata baba mrejeshaji aliyezoea udongo na magonjwa yetu. Naandika lebo kwa penseli. Wino haustahimili mvua.