Risiti kwanza, mzigo baadae: siku yangu ya Kariakoo

Saa 11 alfajiri nishaamka, leo nafuata mzigo, nina kaduka ka nguo za watoto Kibamba. Daladala limejaa mpaka mlangoni, konda kakunja noti kwa urefu kazibana vidoleni, tiketi hakuna, unategemea akukumbuke sura tu. Kaka mmoja kadaiwa nauli mara mbili, nishalipa, hujalipa, mpaka tuliokaa nae tukasema jamani kalipa tumemuona.

Saa 12 na nusu Kimara, foleni ya dirishani, napewa kitiketi cha mwendokasi, kinakaguliwa mlangoni napita. Sikitupi mpaka nishuke Gerezani, pale Kariakoo.

Saa 3 niko dukani nachagua, magauni na kaptula, jumla laki nne na themanini, nalipa kwa simu. Napewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nasoma, laki moja na nusu! Nikamwambia kaka hii sio hela niliyokupa. "Dada angu, wote tunawaandikia hivyo, mzigo utapita tu." Wafanyabiashara wenzangu hapa naomba mnielewe. Meseji ya simu inaonyesha hela imetoka kwako, haisemi umenunua nini, mzigo ukisimamishwa njiani afisa wa TRA, mamlaka ya mapato, anaangalia kama risiti na mzigo vinaendana, na sheria inambana mnunuzi pia sio muuzaji peke yake, na huyo aliyekuandikia pungufu hatakuwepo. Halafu kuna mahesabu ya mwaka, karatasi zitasema nimenunua kwa laki na nusu nikauza laki sita, yani naonekana nimepata faida ambayo sijawahi kuishika mkononi. Inaniuma sana hii kitu maana wengi wetu tunaipokea tunakunja tunaweka kwenye pochi bila kusoma.

Tumebishana karibu nusu saa, nikavuta stuli nikakaa, nikasema siondoki. Mwisho akatoa nyingine, laki nne na themanini kamili.

Saa 7 kirikuu yetu, kale kagari ka mizigo, ikasimamishwa hata hatujatoka Kariakoo. Afisa akaskani risiti kwa simu, akaangalia marobota, haya mama nenda. Hata dakika tano hazikuisha.

Saa 2 usiku nishafunga duka, napiga picha risiti ya leo kabla sijaibandika kwenye kaunta buku, zile karatasi wino unafutika, kuna ya mwaka jana imebaki nyeupe kabisa.