Kodi, mbalamwezi na njia kwanza, miadi baadaye: ninavyotumia kalenda ya simu Mwanza

Natunza hesabu za maduka ya Mwanza mjini na za vikundi vya wavuvi wa dagaa, na ratiba yangu yote imo ndani ya Google Calendar. Siku moja inaweza kuanzia soko la samaki la Mwaloni alfajiri, ikapitia Igoma kabla ya adhuhuri na kuishia Sengerema jioni. Siku kama hiyo inawezekana kwa sababu miadi naiingiza mwisho. Vinavyotangulia ni vile ambavyo hakuna mteja anayeweza kuvisogeza: tarehe za kodi, mwezi wa angani, safari za majini na muda wa njiani. Hivyo vikishakaa, nafasi zinazobaki ndizo ninazowagawia watu.

Lakini kabla ya yote kuna suala la saa, maana hapa ndipo ratiba nyingi huharibika. Mteja anataja saa kwa hesabu yetu, kalenda inahesabu kuanzia saa 6 usiku. Mwenye kutumia AM na PM anasikia "saa 10 jioni", anaandika 10 PM, na kikumbusho kinalia wakati mteja ameshalala. Tumia mfumo wa saa 24. Kwenye kompyuta umo ndani ya mipangilio ya kalenda; kwenye simu ya Android kalenda hufuata saa ya simu, kwa hiyo badilisha kwenye mipangilio ya tarehe na saa ya simu yenyewe. Hesabu yake ni hii: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6, hivyo saa 4 asubuhi ni 10:00 na saa 10 jioni ni 16:00. Saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi punguza 6, na ujue kwamba tarehe imeshageuka. Mvuvi akikwambia "Jumanne usiku, saa 9", kwenye kalenda hiyo ni Jumatano, 03:00. Mimi humrudishia maneno kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumatano", akikubali ndipo naandika. Tena kwenye kichwa cha tukio naandika saa kama alivyoitamka: "Saa 11 alfajiri, Mwaloni, kupima magunia". Kichwa kikisema saa 11 alfajiri na kalenda ikaonyesha 11:00, kosa linaonekana papo hapo.

Sasa kodi. Nimeitengenezea kalenda yake peke yake, yenye rangi nyekundu, kwa sababu kila kalenda ndogo huwa na vikumbusho vyake. Ya Kodi inanikumbusha siku 7 kabla na siku 2 kabla. Ya Wateja siku moja kabla na dakika 60 kabla. Nyingine hazilii kabisa. Ukiacha kila kitu kilie, baada ya muda mfupi unazoea mlio na kuupuuza. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya ufundi stadi) zinatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ritani, yaani taarifa ya kodi, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hizo ni rahisi: tukio la siku nzima, linalorudi kila mwezi tarehe 7 na tarehe 20.

Ugumu uko kwenye awamu nne za kodi ya mapato kwa wenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ukianzia 31 Machi na kuagiza tukio lirudi kila baada ya miezi 3, kalenda itatafuta tarehe 31. Juni haina, Septemba haina, basi awamu hizo mbili zinarukwa kimya kimya bila onyo lolote, na Desemba inatokea kama kawaida. Dawa yake ni kutengeneza matukio manne tofauti, kila moja likirudi mara moja kwa mwaka. Tahadhari hiyo hiyo inahusu chochote unachokiweka tarehe 29, 30 au 31 kila mwezi, uwe mshahara au pango la duka.

Halafu tarehe ya mwisho peke yake haisaidii kitu. Ritani ya VAT ina kazi nyuma yake: kukusanya risiti, kulinganisha mauzo na mashine ya risiti ya EFD, kumpigia muuzaji ambaye karatasi zake hazijafika. Kwa hiyo tarehe 10 nina tukio la kukusanya, na tarehe 14 na 15 nina muda wa asubuhi uliofungwa kwa ajili ya ritani tu. Muda huo nimeuandika kama "nina shughuli", ili anayetazama kalenda yangu asiuone kama uko wazi.

Mwezi wa angani ndio unaotutofautisha na watu wa bara kavu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, mwanga wa taa unapoteza nguvu, dagaa hawajikusanyi chini yake, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu na mitumbwi. Basi mkutano wa kikundi, mafunzo ya kuandika daftari la mauzo, au kusaini makaratasi ya mkopo, vyote naviweka wakati wa mbalamwezi. Ukiita mkutano wakati wa giza, watakaokuja ni wachache, nao wamekesha majini.

Kwenye kompyuta, sehemu ya kalenda nyingine, kuna orodha ya kalenda za kujiunga nazo, na mojawapo inaonyesha hatua za mwezi. Jiunge nayo. Ila mwezi mpevu inauonyesha kwa siku moja tu, nami nahitaji kipindi kizima, kwa hiyo nafunga siku 4 kabla na siku 4 baada yake kwa tukio moja refu linaloitwa "Mbalamwezi". Kulirudisha "kila mwezi" hakufai, maana mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu na kidogo. Ukiweka siku 29, baada ya mwaka utakuwa umetangulia kwa siku 6 hivi. Ukiweka 30, umechelewa karibu kiasi hicho hicho. Kinachofanya kazi ni misururu miwili: wa kwanza unaanzia mwezi mpevu huu, wa pili unaanzia mwezi mpevu unaofuata, na kila mmoja unarudi baada ya siku 59. Mizunguko miwili ni siku 59 na sehemu ndogo sana, hivyo mwaka mzima unapishana na mwezi wenyewe kwa siku moja hivi tu. Mpango huu naupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye kalenda yangu.

Sikukuu za Idi nazo hufuata mwandamo. Kalenda ya sikukuu za Tanzania hutoa tarehe ya makadirio, ambayo inaweza kupishana siku moja na tangazo, kwa hiyo siku ya kabla na ya baada siweki mteja asiyeweza kuhamishwa.

Njia naipa tukio lake. Igoma hadi mjini asubuhi dakika 45, Buhongwa vivyo hivyo, na siandiki "10:00 hadi 12:00, Igoma" wakati safari imo humo ndani. Tukio la njia linakaa pembeni likiwa na rangi ya kijivu. Kisiwa cha Ukerewe nakifungia siku nzima, kwa sababu upepo ukichafua ziwa meli ya Nansio, bandari ya huko, inaweza kuchelewa, na mteja wa jioni mjini hatakuelewa. Sengerema imekuwa nyepesi tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kwani foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi haipo tena. Ukifupisha tukio la njia linalojirudia, chagua "hili na yanayofuata". Ukichagua "yote", unabadilisha na yaliyopita, na kwangu yaliyopita ndiyo ushahidi wa nauli ninazowatoza wateja.

Wenye safari za Kigali wajue kwamba Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, hata ukiwa Rusumo mpakani, kalenda inaweza kuhamia saa za huko, na miadi ya Mwanza unayoiandika 10:00 ukiwa kule itasomeka 11:00 ukirudi. Ndani ya programu zima kipengele cha kufuata saa ya kifaa, kisha chagua Saa za Afrika Mashariki, GMT+3. Uganda na Kenya hazina shida hiyo.

Kikumbusho kisipolia, mara nyingi si kalenda iliyokosea. Simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kulinda betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta kalenda, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi, kisha hakikisha usawazishaji wa akaunti umewashwa. Bando likiisha, yaliyokwisha kupakuliwa bado yanaonekana na vikumbusho vyake vinalia. Unayoandika wakati huo hupanda mtandao ukirudi. Kwa hiyo kabla ya kupanda meli nafungua kalenda nikiwa na mtandao na kuisubiri ijisasishe.

Wateja wangu wengi hawapokei mwaliko wa kalenda, wanatumia WhatsApp, hivyo nakala ya siku, saa na mahali naituma huko. Msaidizi wangu nimemshirikisha kalenda za Wateja na Njia kwa ruhusa ya kubadilisha matukio. Ya Kodi anaiona bila kuibadilisha. Wengine wote wanaona tu nina nafasi au sina, kwa sababu jina la mteja na sababu ya kukutana naye ni siri yake.