Picha moja, monita mbili

Kwenye Windows 10 na 11, bofya kulia mahali patupu pa skrini, ingia Personalize, kisha Background, na kwenye kupanga picha chagua Span, ili picha moja ya mandharinyuma ienee monita zote mbili. Ukiacha Fill, kila monita itarudia picha ileile.

Monita mbili za pikseli 1920 × 1080 zikikaa bega kwa bega zinahitaji picha ya 3840 × 1080. Ukiweka ya 3840 × 2160, nusu ya kimo chake inakatwa, kwa hiyo ikate mwenyewe mapema.

Kinachosahaulika ni fremu za monita zinazokutana katikati. Monita ya inchi 24 yenye pikseli hizo ina takriban pikseli 36 kwa kila sentimita. Fremu mbili zikifika sentimita 2 ni pikseli 72. Tengeneza picha yenye upana wa pikseli 3912, futa 72 za katikati, unganisha vipande. Mstari wa upeo wa bahari utapita nyuma ya fremu bila kuruka.

Picha ikipanda upande mmoja, usiilaumu. Fungua Display settings, buruta visanduku viwili vinavyowakilisha monita hadi kingo zilingane. Sura ya mtu katikati? Usithubutu, pua itagawanywa.