Uketipo, Utembeapo, Ulalapo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili kuna neno limenikaa kifuani na halitaki kutoka. Lilisemwa kwenye maombi ya akina mama, na aliyelisema alikuwa na nia njema kabisa: kwamba mama asiyeamka alfajiri kuwaombea wanawe asije akashangaa wakipotea. Tukaitikia amina. Nilipoinua macho nikamwona dada mmoja mwenye mtoto mchanga, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ameinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu. Dada yule huamka alfajiri, tena huamka na usiku wa manane. Huamka kunyonyesha.

Nami niko katika majira hayohayo. Kitinda mimba wangu amekuwa na homa za usiku, na wakubwa wake nao wana shule. Nafungua Biblia, nasoma mstari mmoja, naitwa. Nikirudi sikumbuki nilikuwa Zaburi ya ngapi. Kwa hiyo neno lile lilinichoma hata mimi, na nimekuwa nikimwuliza Bwana kama kweli ndivyo anavyotuona.

Amenirudisha kwenye Kumbukumbu la Torati 6. Tunaisoma sana ile sura, lakini tazameni tena saa alizozitaja Musa: “nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo.” Hakutaja mlimani wala hemani mwa kukutania. Ametaja kuketi, kutembea, kulala, kuamka. Mama gani hana saa hizo? Mungu hakutudai wakati ambao hatuna. Ameingia katika ule tulio nao, wa kuogesha na kuvalisha na kusukumana kwenda shule, akasema humo ndimo atakamofundishwa mtoto.

Na kabla ya hapo, mstari wa 6, anasema maneno hayo yawe kwanza moyoni mwako wewe. Kwa hiyo sisemi tuache maombi ya alfajiri. Mwenye nguvu ya kuamka na aamke, nami nitamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ninachosema ni kwamba yule anayempaka mtoto mafuta huku akimwombea kwa sauti ya chini, au anayemshika mkono njiani na kumwambia kwamba Bwana ndiye aliyetupa siku hii, naye yuko madhabahuni. Asiambiwe hajaomba.

Endeleeni mpaka mstari wa 20. Pale mtoto mwenyewe anauliza: haya mashuhudizo na amri maana yake nini? Nanyi mnajua watoto huuliza lini. Huuliza wakati chungu kinachemka, au umechelewa, au umelala nusu. Jibu aliloagiza Mungu ni ushuhuda: “Tulikuwa watumwa wa Farao.” Yaani mwambie mwanao alikokutoa Bwana. Mwambie jinsi mlivyokuwa hamna, na jinsi alivyofungua mlango. Watoto wetu wengi wanaijua habari ya Bahari ya Shamu, lakini hawajawahi kusikia Bwana amemvusha mama yao wapi.

Usiku mmoja wa juma hili mtoto akiwa na homa aliniuliza, “Mama, Mungu halali?” Nikamwambia lile la Zaburi 121, kwamba mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali usingizi. Akanyamaza kidogo, akasema, “Basi na wewe lala.” Wapendwa, nililala. Sijahubiriwa hivyo siku nyingi.

Ningependa kusema juu ya Loisi na Eunike pia, bibi na mama yake Timotheo, maana Timotheo alizijua Maandiko tangu utoto katika nyumba ambayo baba yake alikuwa Myunani. Mama unayelea peke yako katika imani, shika hapo. Ila sitakaa sana, kwa sababu kuna jambo zito zaidi moyoni mwangu.

Tumeifanya Mithali 22:6 kuwa fimbo. “Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee.” Ni neno la Mungu, nalo ni la kumtia mama moyo apande. Sisi tumelichukua tukalielekeza kwa mama ambaye mwanawe ameacha kanisa, ameingia katika ulevi, harudi nyumbani. Mama huyo anaingia ibadani, na watu wanatazamana. Ndugu zangu, hiyo si haki. Samweli, mtoto aliyeombwa kwa machozi ya mama yake Hana, alizaa Yoeli na Abiya, nao hawakwenda katika njia zake. Walipokea rushwa na kupotosha hukumu. Na katika Isaya 1:2 ni Bwana mwenyewe anayenena: “Nimewalisha watoto na kuwalea, nao wameniasi.” Je, nani atasimama amwambie Mungu kwamba hakulea vizuri? Basi na tufunge vinywa vyetu mbele ya mama anayelia. Kama tuna nguvu ya kusema, tumseme mwanawe mbele za Bwana kwa jina, pamoja naye, mpaka arudi.

Wewe mama mwenyewe, msikilize mchungaji wako katika Isaya 40:11. Wana-kondoo anawachukua kifuani mwake, “nao wanyonyeshao atawaongoza polepole.” Polepole! Anajua kasi yako. Hakuswagi ulingane na kondoo asiye na mtoto. Kama leo umeweza kusema tu “Bwana, nisaidie” katikati ya kelele, amekusikia, na anatembea na wewe hapohapo ulipo.

Na akina baba, kwa heshima yote. Waefeso 6:4 inawataja ninyi: muwalee watoto katika adabu na maonyo ya Bwana. Kumbukumbu la Torati 6 nayo haikusema mama peke yake. Ukiona mkeo hajafungua Biblia juma zima, usimkemee. Mpokee mtoto. Chukua zamu ya usiku huo, au umwogeshe wewe asubuhi, mama apate kukaa mbele za Bwana bila kuitwa.

Jumapili hii nawaomba sisi ambao watoto wetu wamekua kidogo: tusikae wote mbele. Tukae nyuma, karibu na wenye watoto wachanga. Mtoto akilia, nyosha mikono umtoe nje wewe, mama yake abaki asikie neno mpaka mwisho. Mimi nitaanza na mtoto wa yule dada.